Barua ya wazi kwa wahubiri wa hukumu

Waheshimiwa Maaskofu, Wachungaji, Mapadre, Wainjilisti, na ninyi mnaoitwa Mitume na Manabii,



Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja mkoani Morogoro. Sikusomea theolojia. Kazi zangu kanisani ni zile mnazozijua: kuhesabu sadaka baada ya ibada, kutembelea wagonjwa, kukaa na wafiwa mpaka matanga yaishe. Kazi hizo ndizo zilizonisukuma kuandika. Ninyi mnahubiri hukumu na kuondoka. Sisi ndio tunaobaki na watu walioisikia.

Naandika hadharani kwa sababu mahubiri ninayoyalalamikia yanahubiriwa hadharani, viwanjani kwa vipaza sauti, redioni, na kwenye simu za wajukuu zetu. Wala asije mtu akadhani nataka Mungu asiyeuliza jambo. Naiamini hukumu. Kila Jumapili nasimama na wenzangu tunakiri kwamba Kristo atarudi kuhukumu, na ninaposema hivyo sitanii. Ugomvi wangu na ninyi uko mahali pengine: mmekabidhiwa onyo zito kuliko yote, mkaligeuza likawaelekea wasiokuwapo, huku waliokaa mbele yenu wakipiga makofi na kusema amina.

1. Acheni kuhubiri juu ya maiti za watu.

Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, alfajiri, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaufunika mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Siku hiyo ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio, na katika makanisa ya Kikatoliki injili iliyosomwa ilitoka Marko 13, habari ya mwenye nyumba anayeweza kurudi saa yoyote na watumishi wanaotakiwa kukesha. Wiki hiyo hiyo nilimsikia mhubiri mmoja, ambaye sitamtaja, akiwaambia wasikilizaji wake kwamba mlima ule "umetumwa". Serikali na wataalamu wake walikuwa wameshaeleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji mengi ya mvua, ikameguka na kuporomoka. Mhubiri hakuwa na haja na maelezo hayo. Alikuwa na haja na maiti.

Bwana wetu aliulizwa swali hili hili, na jibu lake liko Luka 13. Walimletea habari za Wagalilaya ambao Pilato aliwaua wakitoa sadaka zao. Yeye mwenyewe akaongeza habari ya watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu. Msiba mmoja umesababishwa na mtawala, mwingine na jengo bovu. Katika yote miwili alikataa kusema kwamba waliokufa walikuwa wabaya kuliko waliopona. Kisha akawageukia waliomletea habari na kuwaambia watubu. Walikuja kuuliza juu ya marehemu, wakaondoka na habari zao wenyewe. Sasa nawauliza, watumishi wa Mungu: ni nani aliyewapa ruhusa ya kusema juu ya Katesh kile ambacho Yesu alikataa kukisema juu ya Siloamu?

Na hili halikuanza Hanang. Wenye umri wangu tunakumbuka Ukimwi. Wagonjwa wa kwanza nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na watu wa kule waliuita ugonjwa ule Juliana. Mimbari zilikuwa na maelezo kabla hospitali hazijawa na dawa: ni adhabu ya wazinzi, ndivyo tulivyoambiwa. Walioambukizwa na waume zao ndani ya ndoa waliketi wakasikiliza. Mama waliozaa watoto wenye virusi waliketi wakasikiliza. Wengine wakaacha kuja, wakafia majumbani wakiona haya hata kumwita mchungaji. Baadaye, mwaka 2004, dawa za kufubaza virusi zikaanza kutolewa bure, na watu wale wale waliokuwa wamehukumiwa kufa wakainuka, wakalima, wakasomesha. Basi nielezeni: kama ugonjwa ulikuwa fimbo ya Mungu, vidonge vimemnyang'anya Mungu fimbo yake? Bado namsubiri mhubiri mmoja tu wa miaka ile arudi mimbarini kuwaomba radhi wajane wa Kagera.

2. Onyo ni la anayelisikia.

Someni tena Amosi, sura mbili za mwanzo, kwa sauti, kama mnavyosoma siku ya mkutano. Mtunza mikuyu yule kutoka Tekoa alianza na Dameski, akaenda Gaza, Tiro, Edomu, Amoni, Moabu. Nawaona wasikilizaji wake wakishangilia kila jina linapotajwa. Kisha akafika Yuda, na naamini hapo walishangilia zaidi, maana jirani ameguswa. Ndipo akafika Israeli, kwa wao wenyewe waliokuwa wakimsikiliza, akakaa hapo karibu kitabu chote.

Mahubiri mengi ya hukumu ninayoyasikia huishia Moabu. Wanahukumiwa Wazungu na ndoa zao, wanahukumiwa Freemason, waganga wa kienyeji, wasanii wa Bongo Fleva, wasichana wenye nguo fupi. Wote hao hawapo kanisani asubuhi ile. Waliopo ni mimi na wenzangu, na tunarudi nyumbani tumeridhika sana na hasira ya Mungu juu ya watu wengine. Petro aliandika katika waraka wake wa kwanza, sura ya 4, kwamba hukumu huanzia katika nyumba ya Mungu. Kwenu inaanzia barabarani, na mara nyingi haifiki hata mlangoni petu.

3. Itajeni dhambi kwa jina lake la mtaani.

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye kidonda.

Tumehubiriwa Sodoma tangu tukiwa watoto. Lakini Ezekieli 16:49 inaeleza kosa la Sodoma, na katika maisha yangu yote nimeisikia aya hiyo mimbarini mara chache kiasi kwamba naweza kuzikumbuka zote. Inataja kiburi, shibe, raha isiyo na wasiwasi, na mkono wa maskini ulioachwa bila kushikwa. Hiyo Sodoma mimi naijua. Ina geti la umeme na mlinzi ambaye hajalipwa miezi miwili.

Malaki 3 nayo mnaijua vizuri. Aya ya 10 imechapishwa mpaka kwenye bahasha za fungu la kumi. Pandeni aya tano tu juu yake. Katika aya ya 5 Mungu anasema anakuja kuhukumu, na anaorodhesha atakaowashitaki. Wamo wachawi na wazinzi, sawa, hao mnawahubiri. Lakini orodha haikomi hapo: yumo anayeapa uongo, yumo anayempunja kibarua ujira wake, anayemdhulumu mjane na yatima, na anayemnyima mgeni haki yake. Inakuwaje ukurasa mmoja, sura moja, aya ya sadaka inajulikana na watoto wa shule ya Jumapili, na aya ya hukumu iliyo juu yake haijulikani na wazee wa kanisa?

Mnataka mifano? Ninayo. Huku kwetu mkulima akivuna vitunguu, viazi au mahindi, anakuja mnunuzi na gunia lake. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, kisha linaongezewa juu, linafungwa kwa kamba likiwa limevimba kama mwenye mimba ya pacha, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo inaikataza, viongozi wanaikemea kila msimu, nayo inaendelea. Sasa fungueni Amosi 8. Mtawakuta wafanyabiashara ambao hawawezi kungoja sabato iishe wakauze nafaka, wanaochezea kipimo na kudanganya kwa mizani, na Mungu anaapa kwamba hatayasahau matendo yao. Sijawahi kuona andiko la kale linalozungumza na soko la leo waziwazi namna hiyo. Wanunuzi wa lumbesa wanaitwa Yohana, Petro na Elizabeti. Fungu la kumi lao nalihesabu mimi.

Mfano wa pili uko majumbani mwetu. Binti wa kazi ameletwa kutoka Dodoma, Singida au Iringa akiwa bado mtoto. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, analala wa mwisho, na mshahara wake "unatunzwa" na mama mwenye nyumba. Jumapili anabaki kulinda nyumba ili sisi twende kusikia habari za hukumu. Yakobo, sura ya 5, anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele na kelele hizo zimemfikia Bwana wa majeshi. Mtume huyo hakutumia mafumbo. Mbona ninyi mnatumia?

Wa tatu ni mjane ambaye kabla ya arobaini ya mumewe shemeji zake wameshagawana shamba, godoro na funguo za duka. Wengi wa mashemeji hao wana kadi za ushirika na wengine huongoza kwaya. Mchungaji aliyezika anajua. Mara nyingi hasemi kitu, kwa kuwa ni "mambo ya familia".

4. Toba ina hesabu zake.

Kila Januari tunatangaziwa mfungo, siku 21 kwa wengine, 40 kwa wengine, kuuombea mwaka uwe na baraka na kuiepusha nchi na mabaya. Sipingi kufunga. Lakini angalieni Ninawi, mji uliopewa siku 40 tu. Mfalme alishuka kitini, akavaa gunia, akafunga pamoja na watu na wanyama, na zaidi ya hapo akaamuru kila mtu aache udhalimu uliokuwa mikononi mwake. Yona 3:10 inasema Mungu alichokiona ni matendo yao, namna walivyoiacha njia mbaya. Isaya 58 inakwenda mbali zaidi: inawaambia waliokuwa wakifunga kwamba siku ile ile ya mfungo walikuwa wakiwakandamiza wafanyakazi wao, na kwamba mfungo wa namna hiyo haufiki juu.

Watu walipomuuliza Yohana Mbatizaji wafanye nini kuikimbia ghadhabu inayokuja, hakuwaelekeza wazidishe maombi. Mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo. Mtoza ushuru asizidishe kiwango. Askari asimnyang'anye mtu mali wala asimsingizie, atosheke na mshahara wake. Trafiki wetu wanasali pia. Wakiambiwa hayo kwa upole na kwa uwazi, wataelewa bila mkalimani. Na Zakayo alipoguswa alitaja hesabu palepale mbele ya watu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne.

Hivi ndivyo Mkristo anavyotakiwa kuipokea habari ya hukumu. Anauliza: nimemdhulumu nani? Nina cha nani? Anaamka Jumatatu kwenda kurudisha. Mkutano wa injili ukimalizika kwa watu 500 kulia na hakuna hata mmoja aliyerudisha kitu cha mwenzake, sisi tunaobaki nyuma hatuoni tofauti yoyote mtaani.

5. Tarehe na vitisho vimeshaua watu wetu.

Huko Kanungu, Uganda, kundi lililojiita vuguvugu la kurudisha Amri Kumi za Mungu liliwaambia wafuasi wake dunia ingeisha mwaka 2000 ukianza. Waliuza mali zao. Mwaka ukaanza na dunia ikaendelea. Tarehe 17 Machi 2000 mamia ya wafuasi waliteketea kwa moto ndani ya jengo lao la ibada, na miili mingine ikaja kufukuliwa katika nyumba za kundi hilo. Miaka 23 baadaye, Aprili 2023, polisi wa Kenya walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, Kilifi. Ilifukuliwa miili zaidi ya 400, ikiwamo ya watoto wengi. Wapelelezi walieleza kwamba watu walifundishwa kufunga mpaka kufa ili wamwone Yesu kabla ya mwisho wa dunia. Mhubiri Paul Mackenzie alifikishwa mahakamani, akakana mashtaka.

Mtasema, "Hao ni waongo, sisi hatumo." Kweli, wengi wenu hammo. Lakini nani aliyewalimia shamba? Mtu aliyelelewa miaka 20 katika mahubiri ya tetemeko, chapa ya mnyama na unyakuo wa usiku wa leo, bila kufundishwa kwamba hata Mwana hakuijua siku ile (Mathayo 24:36), amekwisha kuandaliwa kwa ajili ya mhubiri wa kwanza atakayemtajia tarehe. Chanjo ya Corona ilipokuja, kuna waumini wetu waliokataa kwa kuhofia kwamba ni chapa ya mnyama. Hofu hiyo hawakuipata msituni. Kumbukumbu la Torati 18 inatoa kipimo chepesi cha nabii: alilolisema lisipotokea, Bwana hakulisema. Kwetu nabii akikosea anahamisha tarehe, na sadaka inaendelea kukusanywa.

6. Wapo waliouza kinga, na wapo walionyamaza kabisa.

Kwa wauzaji nina maneno machache. Nimehudhuria mkutano ambao mhubiri alieleza ghadhabu inayokuja kwa saa nzima, na mwishowe akapanga foleni tatu kwa viwango vya sadaka, kila foleni na mafuta yake. Huo ni ulinzi wa kulipia. Jina la Yesu lisitajwe hapo.

Kwa walionyamaza, ninyi wa "mwaka wa kuinuliwa" na "mlango usiofungwa", Mika 3 inawahusu. Anawataja viongozi wanaohukumu kwa rushwa, makuhani wanaofundisha kwa malipo, manabii wanaotabiri kwa fedha, na wote kwa pamoja wanajipa moyo kwamba Bwana yuko katikati yao na hakuna baya litakalowapata. Kumwondolea mtu onyo hakumwondolei hatari. Mwenye duka anayechanganya mchanga kwenye mchele akiambiwa kila Jumapili kwamba mwaka huu atainuliwa, ataendelea kuchanganya.

7. Mnahukumu bila kumwombea mtu.

Ibrahimu alipoambiwa habari za Sodoma alianza kupunguza bei, kutoka wenye haki 50 mpaka 10, na alifanya hivyo kwa ajili ya mji ambao haukuwa wake. Musa alisimama kati ya Mungu na watu waliomkasirisha yeye mwenyewe. Yeremia alilia. Yesu aliulilia Yerusalemu kabla ya kutabiri kuanguka kwake, na Yakobo na Yohana walipotaka moto ushuke kwenye kijiji cha Wasamaria, aliwakemea. Aliyetamani kuiona adhabu ni Yona, aliyekaa kivulini kungoja mji uangamie, na Mungu akamkumbusha watu zaidi ya 120,000 waliokuwamo humo, na mifugo yao. Wengi wenu mmekaa kivuli kile kile. Mkiyataja majiji yetu na dhambi zake, sauti zenu zina raha ndani yake, nasi tunaisikia.

Basi naomba yafuatayo, na nayaomba kwa heshima.

Kwanza, pakitokea msiba wa watu wengi, mafuriko, moto, ajali au maradhi, mhubiri yeyote asieleze sababu ya Mungu. Mahubiri ya wiki hiyo yawe magodoro, unga, blanketi na watu wa kuchimba makaburi.

Pili, Jumuiya ya Kikristo Tanzania, Baraza la Maaskofu Katoliki na Baraza la Makanisa ya Kipentekoste mkae pamoja mtoe tamko moja: anayetaja tarehe ya mwisho wa dunia, au anayewazuia watu chakula, shule au hospitali kwa jina la siku za mwisho, anakemewa hadharani kwa jina lake na taarifa zake zinapelekwa polisi. Jirani zetu wa Kenya na Uganda wameshalipa gharama ya kuchelewa.

Tatu, kila mwaka kabla ya msimu wa mavuno, Amosi 8 ihubiriwe katika makanisa yote ya mikoa inayouza mazao, na wanunuzi waalikwe kwa barua. Malaki 3:5 ichapishwe kwenye bahasha pamoja na aya ya 10. Karatasi inatosha.

Nne, ibada yenye mahubiri ya hukumu isiwe na sadaka ya ziada, mafuta wala maji ya kuuza. Watu waliotishwa hawana uhuru wa kutoa.

Tano, kila usharika au ushirika uwe na wazee watatu wa marejesho, wake kwa waume, ambao aliyeguswa na neno anaweza kuwaendea kwa siri, wakamsaidia kumpata mtu aliyedhulumiwa na kumlipa. Na mtu anayejulikana wazi kuzuia mishahara ya wafanyakazi wake asipokelewe ahadi ya ujenzi mpaka awalipe.

Hasara ya kukataa haya mnaijua. Vijana wetu wameanza kucheka neno hukumu likitajwa, kwa sababu wamelisikia likitumika kutishia wasichana na kuuza mafuta. Wakilicheka kabisa, siku mtakapotaka kumwonya mwizi wa mali ya umma hamtakuwa na neno la kumwambia.

Katika Yeremia 26, makuhani na manabii walitaka Yeremia auawe kwa kuitabiria mabaya nyumba ya Mungu. Waliosimama kumtetea, pamoja na wakuu, ni wazee wa nchi, wakikumbusha kwamba Mika naye alitabiri Sayuni italimwa kama shamba, mfalme Hezekia akamcha Bwana, na baya lile halikuja. Ndiyo kazi ya onyo. Mimi nami ni mzee, wa kanisa dogo, na nimesema langu. Atakayenipinga kwa Maandiko nitamsikiliza.

Jumapili ijayo mtakapopanda mimbarini na neno la hukumu, nawasihi mlianzie kwetu sisi tunaokaa viti vya mbele. Tuulizeni mishahara ya mabinti wetu wa kazi.

Wenu katika Kristo,
Mzee wa kanisa, Morogoro